Matope Juu ya Visiki

Naserian mjukuu wangu,

Sopa. Huku Kitengela tuko salama. Babu yako anakohoa tu ili apikiwe uji. Umeniuliza kwa nini kikundi chenu cha msitu kisipande mikaratusi pekee, kwa kuwa inakua haraka na kuhifadhi kaboni.

Sisi tulijaribu kule Kajiado, miaka ya tisini. Msitu wa jamii ulikuwa na mizeituni mwitu, migunga, kila aina. Tukaukata, tukapanda mikaratusi mitupu. Siku ya kupanda niliimba. Labda sauti yangu ndiyo iliyoikausha.

Ukame ulipokuja ilikufa yote pamoja, na kaboni yake tukaichoma jikoni. Mbuzi wetu, ambao kila kiangazi waliokolewa na maganda ya migunga, waliisha.

Mama yangu alipobandua gome la dawa, daima alipaka jeraha la mti matope ili lipone. Mwaka ule alikanda matope kwa maji yake ya kunywa, akapaka visiki vya miti tuliyoikata.

"Yeyo, hivyo vimekufa!" nikamwambia mama.

"Kwani wewe ndiwe daktari?"

Mvua iliporudi, kisiki kimoja cha mzeituni kilichipuka. Mama tulikuwa tumeshamzika.

Sasa ni mti. Njoo uuone, kabla kikundi chenu hakijanoa mapanga.

Nyanya yako asiyejua kuimba