Pipa Nimelifunga Kamba, Baba Shija

Baba Shija, lile pipa lako la kupikia mafuta nimelifunga kamba. Nimelizungusha katani, nikakaza fundo kwa haya meno machache yaliyobaki, halafu nikavuta kigoda nikakaa. Nikamwambia mdogo wako Masanja, leo hufunui kitu hapa. Akacheka. Akasema, "Shemeji, unalinda pipa kama kuna ndama ndani." Nikamwambia ndiyo, na fisi ndiye wewe.

Anayeandika ni Mama Suzana wa nyumba ya jirani, maana mimi na kalamu unatujua. Ananiambia nitulie, nieleze tangu mwanzo. Haya.

Tangu tukuzike, Masanja ndiye anayepika yale mafuta yako ya mashine. Mashine ya kusaga ipo, sijaiuza, ingawa watu walianza kuiulizia matanga hayajaisha. Yule bwana mwenye koti alikuwa ananipa pole huku anachungulia mkanda wa mashine. Dizeli ya kununua siiwezi. Siku hizi ni ruksa, kila mwenye pampu anaamka na bei yake. Kwa hiyo ni mafuta yako ya sangara au mashine iuzwe. Na mafuta hayakosekani, tangu viwanda vije minofu inapanda ndege, sisi tunaachiwa vichwa na mafuta ya tumbo. Paka wa hapa Igogo wamenenepa hata ukuta hawaruki tena. Mama Suzana ananitazama, basi, narudi.

Masanja anachemsha mafuta mpaka maji yaishe, kama wewe. Anayaacha yapungue moto, anatia yale magadi makali ya sabuni aliyoyakoroga kwenye spiriti, kama wewe. Anaweka tena motoni, anakoroga. Kesho yake ukifungua bomba unatoka uji. Yako yalikuwa yanagawanyika, meusi chini, na juu mepesi kama chai ya rangi. Haya yake ukiyatia kwenye mashine inakohoa, inanyamaza, na wanawake wanajitwisha mahindi yao wanaenda kwingine.

Nikamwuliza, kimepungua nini? Akasema spiriti haitoshi. Haitoshi vipi, na dumu zima nimeliona linamiminwa? Akasema, "Labda inaruka, shemeji." Inaruka. Ina mabawa?

Hapo nikaanza kumtazama vizuri. Ana viatu vipya. Anaenda Usagara na kidumu kidogo, ukimwuliza anasema anamwona mtu. Na huku nyuma yetu wanapika gongo, na wapika gongo wa siku hizi wanatia chochote kinachowasha koo. Wewe ulisimama pale mlangoni ukatuambia wote, "Hii spiriti si ya kunywa. Inapofua macho kwanza, halafu inaua." Basi silali. Nawaza, kama anaichota anaiuza, mtoto wa mtu atakufa kwa kitu kilichotoka uani kwangu, na jina litakalotajwa ni lako. Nikasema nikimkamata namfukuza, udugu tutaongea baadaye.

Ndiyo sababu ya kamba. Kutwa nzima ya jana nilikaa pale. Akitaka kufunua achungulie, hapana. Akitaka kuongeza kuni, hapana, moshi utanificha mikono yake, na macho yangu unayajua. Moto ukabaki makaa tu. Akakoroga kwa ule mpini wako uliopita kwenye tundu la mfuniko, basi. Pembeni mwa mfuniko mvuke ukaanza kutoka, nikalowanisha gunia nikaziba, nikijua hapo ndipo anapopitishia mpira wa kuchotea. Na wewe ulikuwa unaweka gunia bichi pale pale. Mimi miaka yote nilidhani unawaficha majirani.

Leo asubuhi tumefungua bomba. Yamegawanyika, Baba Shija. Meusi yakatangulia, yakatoka yakaisha, halafu yakaja yale mepesi. Masanja akachuchumaa. Akajifuta uso kwa shati, na moshi haukuwepo. Akasema, "Shemeji, nilikuwa nayaunguza. Kaka alikuwa anaweka kiganja kwenye ubavu wa pipa, mimi nikidhani anaota moto." Kumbe ulikuwa unapima. Mkono ukishindwa kukaa, moto umezidi, na spiriti inaondoka na mvuke, tena yeye anafunua mfuniko kila mara. Kweli ilikuwa inaruka.

Kwa hiyo hakuiba. Nasema spiriti hakuiba. Viatu hajanieleza. Mama Suzana anasema huko Usagara kuna mwanamke tu. Inawezekana, nitauliza.

Nguo zako bado zinanuka sangara wa kukaanga. Hata kanisani ulikuwa unanuka hivyo, mimi najisogeza kwenye benchi na wewe unajisogeza, mpaka naishia kwa mke wa katekista. Sasa benchi lote ni langu. Sijui nijisogeze niende wapi.

Mashine siuzi, nakuahidi. Na mdogo wako simfukuzi. Ila kila akipika nitakaa pale na gunia langu, awe mwizi asiwe mwizi. Wewe lala, mume wangu. Usinisubiri kwa haraka, huku bado kuna...

Ananiita huyo. Ameshaitia mafuta mashine. Anasema, "Shemeji, njoo uzungushe hendeli wewe, mimi naogopa." Tangu lini Masanja anaogopa? Mama Suzana, weka kalamu chini, ngoja nikaone.