Veronika, mududu mwenye kukuua na mutoto mwenye kubaki

Veronika mwanangu,

Mutoto wako iko muzima. Nasema ile mbele, juu najua ndiyo ya kwanza unataka kusikia. Namukunywesha maziwa na kikombe na kijiko, na vyote nachemusha kwanza ku mbabula, jiko ya makaa, hata kama makala imebaki kidogo. Mukono yangu haikuzoea kalamu, unajua. Univumilie.

Huku mambo imeharibika, mwanangu. Tangu tulikuzika, bijana banapita hapa Kamalondo nyumba kwa nyumba, banauliza nani iko muntu ya Kasai, banasema atoke Katanga. Nyumba yenu balichoma. Mutombo, bwana yako, alikimbilia ku gare na mama yake. Banalala pale inje, banangoja treni ya kubarudisha Kasai. Mutombo mwenye alizaliwa hapa! Kasai yenyewe haijui hata barabara.

Nyuma ya kilio, matanga yako, bantu balianza kusema eti balikuroga. Mimi sikuweza kulala na ile maneno, nikarudi ku lopitali kumuuliza dokta. Alisema: “Mama, hapana muchawi. Ni mududu ya matumbo, kadogo sana, jicho haikaoni. Wewe iko naye, mimi niko naye. Mu tumbo anakaa kimya. Lakini akipata kidonda ya muntu muzaifu, anaingia mu damu. Na huyu wa Veronika, dawa zote tulizo nazo amekwisha kuzizoea.”

Alinipeleka ku labo, akanionyesha kisahani kidogo ya usaha yako. Ndani balipanga bikaratasi bidogo, kila kimoja na dawa yake. Dawa ikiwa na nguvu, alisema, mududu anakimbia, panabaki duara safi. Yako haikuwa na duara hata moja. Yote nyeupe, kama maziwa yenye kuganda, mpaka juu ya bikaratasi. Nilikiangalia muda murefu. Yule ndiye alinikulia mutoto, na yeye hana hata macho ya kumutazama.

Unakumbuka salle ile ya bagonjwa? Balikupasua tumbo juu ya kumutoa mutoto, muzuri, ukaamka unacheka. Infirmiye moja tu ndiye alibaki kutunza bagonjwa, benzake balikuwa balichoka kufanya kazi bila mushahara. Ganti za mikono alizifua, akazianika ku dirisha kama soksi. Beseni moja ilitembea kitanda kwa kitanda, juu maji ya robinet haikutoka. Mimi niliomba maji kwa masista, nikasugua, nikasugua, mpaka ukasema: “Mama, utaosha hata kitanda ya jirani, ataita polisi.” Kisha kidonda ikaanza kunuka. Jua ilikuwa kali na wewe unatetemeka, unasema “Mama, baridi.” Nikakufunika na kikwembe yangu. Sindano bakapiga, ingine bakapiga. Weee, mwanangu. Naacha hapo.

Ku kilio niliweka ndoo na sabuni ku mulango. Kila mwenye alitaka kumubeba mutoto, aoshe mikono kwanza. Bantu balikasirika! Maji yenyewe ilikuwa kidogo, chai ya bantu ya kilio ilikosa, na mimi namwaga maji ku mikono. Mama ya Mutombo alisema mbele ya bote: “Mukwe wangu, hata Bikira Maria hakuwaosha bachungaji ya kondoo mikono.” Balicheka, hata mimi ndani nilicheka. Lakini alinawa.

Sasa bijana balikuja hapa kwangu. Moja ni yule ulimufundisha katekisimu. Alichungulia mulango, akauliza: “Mama Vero, kale katoto ni ka nani?” Nikasema ni kangu. Akasema: “Tutarudia.” Jana Mutombo akatuma neno kwamba treni imefika, niwapelekee mutoto.

Nilienda kwanza kuona. Veronika, pale ku gare bantu banajisaidia kando ya mareli, na kando ile ile ndio banapikia. Batoto banaharisha. Mutombo amekonda, iko analia tu, hajui hata kuchemusha kijiko. Kumuacha mutoto hapa, bijana. Kumutuma peke yake, mududu.

Basi nitapanda naye.

Mujomba yako Banza alipiga makelele mpaka bajirani bakatoka: “Wewe muntu ya Katanga, nani anakufukuza? Kule batakuita adui! Unaacha nyumba ya marehemu bwana yako juu ya kijiko?” Nikamuambia ndiyo, kaka, juu ya kijiko. Akatoka bila kuaga. Kisha akarudia na gunia ya makala, akaiangusha ku mulango.

Nimefunga mbabula, sabuni, bidon mbili ya maji yenye kuchemka. Mama ya Mutombo alisema atanipatia nafasi karibu naye, na kama nitaosha bantu ya behewa nzima, atashika ndoo.

Ila wewe. Nani atang'oa majani ku kaburi yako, sijui. Nilitaka kuzeeka karibu yako, nije kila siku ya Mungu, kila jumapili, nikuambie habari. Unisamehe kukuacha peke yako mu udongo ile. Wewe, mududu hana tena kitu ya kukufanya. Katoto, bado.

Bakasirike, bacheke, hakuna muntu atamushika bila sabuni, mpaka akue aoshe mikono yake mwenyewe. Ile nakuapia.

Lala, mwanangu. Treni banasema inaondoka asubuhi.

Mama yako