Kikombe Kimoja cha Maziwa

Jumatatu, 8 Septemba
Nimeosha vyombo. Nimemvalisha Yaya Riziki, dada yangu mkubwa. Vifungo vinamshinda tena. Sasa niandike jambo ambalo sijamwambia mtu: nadhani ugonjwa wake umetoka kwangu. Kama yuko anayesoma hapa, anyamaze.

Miaka sita iliyopita, juma la mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, nilikuwa na homa. Koo linawaka, tezi za shingo zimevimba. Nilifunga kitambaa shingoni ili Mama asinizuie kwenda. Jioni nikagombana na Yaya juu ya kisanuo cha nywele. Kwetu, waliogombana wanakunywa maziwa katika kikombe kimoja, mdogo kwanza. Nilikunywa. Nikampa.

Mwezi ukapita, naye akalala na homa ile ile.

Jumatano, 10 Septemba
Hospitali. Daktari amerudia jina: sclérose en plaques. Kinga ya mwili inakosea, inakula ngozi inayofunika mishipa ya fahamu. Ndiyo maana jicho lake lilipoteza nuru majuma matatu. Ndiyo maana anaburuta mguu. Mama akauliza imetoka wapi. Watafiti wanaona virusi fulani vya homa ya tezi vinahusika, daktari alisema. Vinapita kwa mate. Akaendelea kusema. Sikusikia tena. Nilitazama viatu vyangu.

Alhamisi, 11 Septemba
Tumegombana. Nilisahau fimbo yake uani, akaniita mzembe, nikajibu vibaya. Mama akaleta kikombe. Nilikisukuma. Maziwa yakamwagika.

Yaya alinitazama sana. "Unaniogopa," alisema. "Unawaza nitakuambukiza."

Nikainama kupangusa maziwa. Mimi mwoga.

Ijumaa, 12 Septemba
Hataki nimguse. Amejifunga vifungo mwenyewe, kombo. Amemwambia Mama anahamia Aru, kwa mama mdogo. Nani atamfuatilia dawa kule? Nikinyamaza, anaondoka. Nikisema, atanichukia. Sijala.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimekwenda kwa daktari peke yangu. Nilisimama mlangoni mpaka akaniuliza nataka nini. Nikasema yote, kwa sauti ndogo. Akaomba nirudie. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi.

Karibu watu wote tunavyo virusi hivyo, alisema, yeye pia. Wengi tunavipata utotoni bila kujua. Wachache sana wanaugua sclérose. Virusi peke yake havitoshi, na kinachobaki bado kinatafutwa. Haya ndiyo aliyoyasema Jumatano, nami natazama viatu.

"Hakuna mtu anaweza kusema ni kikombe chako," aliniambia. "Na ugonjwa wa Riziki hauambukizi. Kunywa naye."

Hakusema si mimi. Alisema haijulikani. Nimetembea na neno hilo mpaka nyumbani.

Jumapili, 14 Septemba
Baada ya kanisa nimemwambia Yaya. Kitambaa, koo, kikombe.

"Ni juu ya ile ulimwaga maziwa? Mutoto weye! Mimi nilikuwa nakuibia uji kila asubuhi, na kijiko yako. Utajua ile virusi iliniingia siku gani?"

Akacheka. Nikacheka. Halafu akalia, mara ya kwanza tangu jicho lile. Aru hakuitaja tena. Nikamfunga vifungo upya. Tukanywa, mimi kwanza.

Habari ya kikombe, unayesoma, mwambie yeyote. Lakini kwamba Yaya alilia, nakuomba, hilo ubaki nalo.