Mikono ya Riziki

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda

Yaya Furaha, dada yangu mupenzi,

Nakusalimu katika Bwana. Mguu wa mama unaendeleaje? Na ile mihogo ya shamba letu la kule Walungu, mliwahi kuvuna, au wenye bunduki waliwatangulia? Sisi miili iko mizima. Lakini roho yangu imechoka, yaya, na hapa sina mtu wa kumwambia ambaye hataanza kunihubiria.

Ni habari ya Riziki. Ulimwona mwanangu mara ya mwisho akiwa mgongoni mwangu, siku tulipokimbia. Sasa ana miaka tisa. Maneno yake ni machache, anapigapiga mikono hewani, na kelele zikizidi anaziba masikio na kulia. Mwaka jana alipewa mshauri hapa kambini. Yule kijana alimkalisha, mikono juu ya magoti, amtazame machoni. Akitazama, biskuti. Akitikisa mikono, hapati kitu. Tulishangilia sana! Mtoto alitulia kama maji ya mtungini. Kisha akaanza kujiuma mkono mpaka damu, na yale maneno machache aliyokuwa nayo yakakauka.

Ndipo wahudumu wa kambi wakatutuma mjini Mbarara kwa psikologi, mtaalamu wa mambo ya akili, mama mmoja aitwaye Madamu Kemigisha. Riziki alilia njia nzima. Nilitarajia dawa. Madamu akaketi sakafuni karibu naye, hakumgusa, hakumwambia amtazame. Riziki akapanga vizibo vya soda, naye akapanga vyake pembeni. Wakaendelea hivyo, kizibo kwa kizibo. Nikashindwa kuvumilia.

"Madamu, utamponyesha lini?"

Akanijibu kwa Kiswahili chao cha huku: "Mama, huyu mtoto hapana gonjwa. Kichwa yake natengenezwa namna ingine. Ile mikono nasaidia yeye kutulia. Wewe nakamata mikono, yeye napata wapi pumzi?"

"Basi mimi nimekuja kufanya nini hapa?"

"Sisi nabadilisha kelele. Nabadilisha shule. Mtoto, hapana."

Ni rahisi kusema ukiwa Mbarara, yaya. Baba Riziki alipopata habari alifoka: "Psikologi gani huyo, mvivu wa kazi! Anacheza na vizibo!" Lakini tulifuata. Tukamwacha atikise mikono, nikamfunga kitambaa masikioni kukiwa na kelele.

Madamu alikuja mwenyewe mpaka shuleni, akaomba Riziki akae karibu na mlango, atoke ngoma zikianza. Mkuu wa shule akamwambia, "Darasa limejaa mpaka dirishani. Nianze kumbembeleza mmoja?" Wiki ileile akamrudisha mtoto nyumbani. Sasa ninashinda naye shambani. Majirani wanasema nimekataa kumtibu mtoto wangu. Kila mtu ana shauri la kumpa Riziki, hakuna mwenye fasi ya kumpa akae.

Hata hivyo ameacha kujiuma. Juzi tulikuwa tunapalilia maharagwe, akainua uso akasema, "Mama, mvua." Nilikaa chini kwenye udongo nikalia.

Halafu Jumapili, kanisani. Kwaya ilipoanza, Riziki akasimama, mikono ikaruka. Mzee wa kanisa akaja kwenye benchi letu akamwinamia mume wangu.

"Baba Riziki, umushike mikono. Anasumbua ibada."

Mume wangu akatazama yale makovu kwenye mkono wa mtoto. Nilijua atamshika, yeye ndiye aliyekuwa mkali kuliko sisi wote.

"Muzee," akasema, "hii mikono ni yake. Sitaishika tena."

"Basi mutoke."

Wakatoka. Mimi nilibaki nimeinamisha macho kwa aibu, watu wote wakinitazama. Kisha hasira ikanipanda, nikabeba kitenge changu nikawafuata. Niliwakuta ukutani upande wa nje, wameketi bega kwa bega, Riziki akipiga mikono kwa mdundo wa ngoma, na baba yake anapiga yake vilevile, vibaya, nje ya mdundo kabisa.

Tangu siku hiyo mchungaji hajapita kutusalimia. Na shule sijui nitaitoa wapi.

Nisalimie shemeji fundi wa baiskeli, na shangazi mkunga aliyempokea Riziki duniani. Mama akiuliza kama mjukuu wake amepona, usimwambie amepona. Mwambie anasema tena.

Mdogo wako anayekukumbuka,

Nabintu, mama Riziki