Picha ya Mwezi wa Kumi na Tatu

Mzee wangu mshauri, nakusihi unijibu kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu mwisho wa mwezi kaka yangu Mulwa anakuja kutoka Kambi Muru anakoishi kunichukua mimi na watoto atupeleke kwa mama Machakos, na sanduku nimeshalifunga nikalificha chini ya kitanda, na sijui kama ninafanya vyema au ninaivunja nyumba yangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Mume wangu Kavoi ni dereva wa lori. Tulioana mwaka 1973, na miaka yote hiyo alikuwa akiendesha gari la mikate hapa Nairobi na kulala nyumbani kila siku, mpaka mwaka jana alipopata kazi ya kupeleka mizigo Addis Ababa, na aliniapia kwamba hajawahi kuvuka mpaka wa Moyale kabla ya hapo. Sasa wiki mbili zilizopita nilitaka kufua koti lake nikakuta mfukoni picha ya studio, Kavoi ameketi, kando yake mwanamke mzuri wa nguo nyeupe, na mtoto wa miaka kama minne amesimama kati ya magoti ya Kavoi, na kinachonichoma zaidi ni kwamba Kavoi amevaa sweta ya maruni niliyomfumia mimi mwenyewe kwa uzi uliobaki wa sweta ya shule ya Kanini wetu alipoanza darasa la kwanza Januari hii, yaani mimi nakesha nikifuma ili yeye akawapendezee watu wa mbali! Nyuma ya picha kuna muhuri wenye herufi zinazofanana na viti vidogo vilivyopangwa, na katikati 4/13/1972.

Mwezi wa kumi na tatu sikuuelewa, nikampelekea Gachanja, mtoto wa mwenye ploti tunapopanga hapa Gatina, aliyesoma Amerika. Akatazama, akacheka.

"Mama Kanini, hapa hakuna kesi. Wamarekani huanza na mwezi. Hii ni Aprili, tarehe kumi na tatu, mwaka wa sabini na mbili. Huyo mtoto saa hii ana miaka kumi na mbili, anavaa suruali ndefu. Wewe ndiye mke wa pili, hukuambiwa tu."

Tangu siku hiyo nampakulia chakula bila neno. Lori lake liko gereji, kwa hiyo yuko nyumbani kila jioni, ananiuliza, "Mama Kanini, redio yetu imeisha betri?" na watoto wanacheka, nami natoka kwenda kulia mferejini kama mtu anayechota maji. Kumwuliza naogopa, kwa sababu atasema namchunguza mifukoni, na naogopa zaidi atakachojibu. Je, niondoke?

Mama Kanini,
Gatina, Kawangware. Oktoba 1980.

*

Mama Kanini, kosa la wengi, hata waliosoma, ni kutazama tarakimu za tarehe bila kuuliza zimeandikwa na watu gani. Gachanja amesema kweli kuhusu Wamarekani: wao hutanguliza mwezi, sisi hutanguliza siku, na Wajapani hutanguliza mwaka. Lakini Mmarekani gani huandika kwa herufi zinazofanana na viti? Hizo ni za Kiamhara. Picha ilipigwa Ethiopia, basi tuisome kwa kalenda ya Ethiopia.

Wenzetu hao wana miezi kumi na miwili ya siku thelathini thelathini. Siku tano zinazobaki, au sita kila mwaka wa nne, huzifanya mwezi wa kumi na tatu. Mwaka wao huanza Septemba, na hesabu yao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Siku ya nne ya mwezi wa kumi na tatu, mwaka wao wa 1972, ilikuwa tarehe 9 Septemba mwaka huu. Ni mwezi uliopita tu, mama. Mwulize kaka yako: majirani zake Waislamu pale Kambi Muru, Ramadhani huwajia mapema zaidi kila mwaka kwa kalenda yetu, naye hajawahi kusema wanadanganya.

Na huna haja ya kuniamini mimi. Soma tena barua yako. Ungewezaje kumfumia Kavoi sweta kabla hamjaoana, kwa uzi wa mtoto ambaye hakuwa amezaliwa? Ushahidi ulikuwa mkononi mwako, ukaulilia badala ya kuutazama. Tena mtoto aliyekuwa na miaka minne mwezi uliopita alizaliwa kama mwaka 1976, wakati Kavoi, kwa maneno yako mwenyewe, alikuwa akipeleka mikate na kulala kwako kila siku. Huyo si mtoto wake.

Mwanamke ni nani? Hilo kalenda haijui, nami sijui. Mwaka ukikaribia kuisha watu wa kule huvaa vizuri wakapiga picha; huenda ni jamaa wa nyumba anakofikia. Huenda pia ni jambo la kukuumiza. Sitakuapia kitu nisichokijua.

Wiki mbili za kulia mferejini si kidogo, nakuonea huruma. Lakini nakukemea pia. Umemwuliza mtoto wa mwenye ploti, umemwita kaka yako, umeniandikia mimi nisiyekufahamu, na sasa wasomaji wote wa gazeti hili wanajua habari zako. Aliyebaki bila kuulizwa ni mmoja, naye kila jioni anakuomba useme neno. Mifuko ya koti linalofuliwa hukaguliwa na kila mke. Usiombe radhi kwa hilo.

Sanduku liache lilipo, usilifungue wala usilibebe, mpaka umesikia jibu. Leo jioni, akiuliza habari ya redio, mtie picha mkononi umwulize: "Kavoi, hawa ni akina nani?"