Bei Aliyoiweka Marehemu

Tarehe 4 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unasemaje siku hizi? Mimi mzima, njaa za hapa na pale tu. Mwalimu wa uhasibu wa gharama ametuambia tuchague kazi tunayoijua, tupige hesabu ya kitu kimoja kinagharimu nini hasa. Nimechagua viatu vya shule unavyoshona.

Kwa jozi moja, ngozi ni 6,500. Soli 2,800. Gundi, uzi na misumari 900. Jumla 10,200. Wewe huishia hapo. Bwana Jumla, mwenye duka anayevichukua vyote, anakulipa 12,000, unasema umepata 1,800. Lakini kodi ya kibanda ni 60,000 kwa mwezi, ushone usishone. Ukiigawa kwa jozi zako arobaini, kila jozi inabeba 1,500. Zinabaki 300. Kwa mwezi mzima unapata 12,000, yaani bei ya jozi moja.

Mwalimu akauliza, "Fundi mwenyewe analipwa wapi hapa?" Nikakaa kukuandikia. Mama, mwambie Bwana Jumla aongeze bei.

Mwanao

Tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, nami nipo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ikaniudhi mara tatu. Bei hiyo aliiweka marehemu baba yako, wakapeana mikono na Bwana Jumla mbele yangu. Umekula kwa viatu hivyo, leo unaniambia nilikuwa nachezea hewa? Waambie wenzako mama yako si swali la mtihani.

Mama yako

Tarehe 2 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimekuandikia tena mara mbili, kimya. Kama nimekukosea nisamehe, ila hesabu siwezi kuiombea msamaha. Niambie tu kama u mzima.

Mwanao

Tarehe 19 Mei

Mwanangu,

Marahaba, ni mzima. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa natafuta mahali ulipokosea. Sikupaona.

Nikajiuliza, basi nilikulisha na nini? Nikakumbuka: nguo za watu nilizokuwa nafua kila Jumamosi. Mimi nikidhani ni pesa ya chumvi, kumbe ndiyo iliyokuwa inatuweka mjini. Viatu vilikuwa vinamlisha Bwana Jumla. Nililia kidogo, kisha hasira ikanikausha.

Alipokuja kuchukua mzigo nikamwambia bei ni 15,000. Akacheka. "Fundi, nani amekutia maneno?"

"Ngozi imenitia maneno. Imepanda mara nne tangu mume wangu afe, na wewe dukani kwako umepandisha mara ngapi?"

Akakunja gunia lake. "Utanitafuta."

Jozi arobaini ziko hapa zinanitazama.

Mama yako

Tarehe 27 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijalala vizuri tangu nisome barua yako. Mimi ndiye niliyekuponza. Mpe hata kwa 13,000, yaishe. Ada inadaiwa mwezi ujao. Niko tayari kurudi nyumbani nikusaidie kushona.

Mwanao

Tarehe 6 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Usinirudishe nyuma baada ya kunisukuma mbele.

Nimetoa meza nje, nikapanga viatu barabarani, nikaandika bei kwa chaki: 16,000. Wiki mbili watu waliuliza wakapita. Wiki ya tatu akaja mwanamke mmoja na mabinti zake wawili, akanunua, akawaambia wenzake. Kwa mwezi mzima nimeuza jozi ishirini na mbili tu. Kila jozi imeniachia 5,800, zote 127,600. Toa kodi. (Kitabu chako kinaiita gharama isiyobadilika, mimi naiita mgeni asiyeaga.) Nimebaki na 67,600. Kwa 13,000 yako ningeshona arobaini nikabaki na 52,000, na maumivu ya mgongo juu yake. Mwonyeshe mwalimu.

Bwana Jumla alirudi Jumanne. Akasema, "Marehemu angeona aibu."

Nikamjibu, "Marehemu halipi kodi. Mimi nalipa."

Akasimama, akakuna kidevu, akaenda zake. Akirudi, bei ataisoma kwenye chaki kama wengine.

Ada haijatimia. Nusu nimeituma leo, nusu nyingine watanisubiri hadi Septemba. Wakikutoa darasani, simama dirishani usikilize. Na habari ya kurudi nyumbani usiiandike tena. Hiyo nimeipigia hesabu mwenyewe, na ni ghali kuliko ada.

Mama yako, fundi