Gari Lenye Behewa Moja

Jumamosi. Richardson, kando ya Dallas, Texas. Mvua ya mawe imepiga tangu alfajiri, boneti ya gari langu imebonyea kama sufuria ya kuazimana, na hilo wala si baya kuliko yote yaliyonipata leo.

Nina hasira. Naiandika hapa kwa sababu nikiisema kwa mdomo watoto watasikia.

Mume wangu ameamua kwamba likizo ya mwaka huu tutazunguka pwani ya Uingereza ndani ya gari la kulala. Si kwamba tutapanda gari halafu usiku twende hotelini kama watu. Gari lenyewe ndiyo nyumba. Lina jiko, lina meza inayogeuka kitanda, lina kitanda kingine juu ya kichwa cha dereva, na lina choo ndani ya kitu ambacho mimi nakiita kabati. Tutaanzia Dover, tuifuate bahari mpaka Cornwall, tukilala kwenye viwanja vya kambi na kula samaki na chipsi huku upepo ukitupiga. Alisoma huko kabla hatujaoana, mwanafunzi hana kitu mfukoni, akawa anaziona familia za Kizungu zikipita na magari hayo kwenda ufukweni, watoto wamebandika nyuso dirishani. Tangu siku hizo anaiota safari hiyo. Yeye ana ndoto, mimi nina mgongo.

Friji yetu haionekani tena. Imefunikwa na ramani, picha za magari, na ratiba ya maji kupwa na kujaa katika miji ambayo siwezi hata kuitamka. Mtu huyu hajui mtoto wake anavaa kiatu namba ngapi, lakini anajua saa ambayo maji yatajaa Whitby, na Whitby kwenyewe hatuendi.

Hadi hapo ningevumilia. Kilichonichosha ni abiria wa tano.

Baba yake.

Niseme vizuri, nisije nikasingiziwa. Mzee aliomba visa ya kuja Marekani akanyimwa, akaomba tena akanyimwa tena. Uingereza wamempa, kwa sababu shemeji yangu mdogo anaishi Reading na ameshamkatia tiketi akae naye miezi ya joto. Shemeji ana chumba kimoja, hatuenei. Kwa hiyo mume wangu akaona ameshinda bahati nasibu: mzee anakuja, sisi tunakwenda, tunakutana, tunapanda gari wote. Atupele ana miaka kumi na mmoja, Gwamaka ana saba, na babu yao wanamjua kwa picha na kwa simu tu. Nataka wamwone. Nalitaka hilo kuliko hata baba yao anavyolitaka, kwa sababu mimi ndiye ninayeulizwa na Gwamaka kama Babu ni mtu wa kweli.

Lakini mimi ni mtoto wa Tukuyu, na mume wangu ni wa Tukuyu, na kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawakai pamoja. Wengine siku hizi wamelegeza, sawa. Sisi hatukulegeza. Nilipoolewa nilikaa kwao karibu mwaka mzima kabla ya kuja huku, na mzee alikuwa akikaribia uani anakohoa kwanza, kikohozi kimoja kikavu, ili nipate nafasi ya kutoka kwa mlango wa jikoni. Nami nilikuwa natoka. Sijawahi kula naye meza moja. Sijawahi kumwona bila koti. Hata kwenye simu tunasalimiana kupitia Atu: yeye anamwambia mtoto, mtoto ananiambia mimi, nami namrudishia kwa njia hiyo hiyo. Watu wanaweza kucheka. Mimi sikuwahi kuona kama nimeonewa. Yule mzee alinipa heshima ya kukohoa, na wapo wanaume kumi ninaowajua ambao hawajawahi kunipa hata hiyo.

Sasa mtu huyo ndiye ninayeambiwa nikalale naye ndani ya gari.

Leo asubuhi nimeamka nikakuta makochi yamesukumwa ukutani na mume wangu yuko magotini kwenye zulia na utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi. Amechora gari. Urefu wake halisi, upana wake halisi, kila kitanda mahali pake. Watoto walikuwa wameshalala ndani ya mistari wakicheka. Akaninyooshea mkono kama mtu anayeonyesha kiwanja alichonunua.

"Mama Atu, njoo u-feel the space!"

Niliingia. Watoto juu, akasema, kwa dereva. Mimi na wewe hapa, meza ikishushwa. Mzee hapa pembeni, kwenye kochi refu. Nikatazama. Kati ya kitanda changu na kitanda cha baba mkwe wangu pangeweza kupita sinia, tena sinia la chai, si la pilau. Na lile kabati la choo liko kichwani pa mzee.

Nikamuuliza nitabadilishia nguo wapi. Nikamuuliza nikiamka usiku kwenda chooni, mzee akiwa macho, nifanye nini, nikohoe mimi safari hii?

"Kuna curtain. Una-pull tu," akasema. "Halafu tuko abroad bwana, nani anakuona? Hayo mambo ya Tukuyu una-complicate mwenyewe."

Nani ananiona. Kama vile heshima ni sare ya shule, unaivua kengele ikigonga.

Nikamwambia mzee alale nyumba ya wageni. Akasema hawezi, mzee atajiona ametengwa na mtoto wake mwenyewe. Nikamwambia basi tukodishe nyumba mahali pamoja, tuachane na kuzunguka. Akaniangalia kama nimemwambia tumuuze Gwamaka.

Kisha akafanya lile analofanya kila akishindwa hoja: akampigia dada yake Sugar Land, akaniwekea simu sikioni.

Wifi yangu huyu ni mkubwa kwao, ana nyumba yenye vyumba vya wageni viwili na sauti inayofika Houston mjini bila simu. Hakunisalimia. "Wifi, yaani unataka mzee afe hajalala na wajukuu zake chini ya paa moja? Kwa sababu ya curtain? You people mkikaa Dallas mnajiona sana."

Ningeweza kumjibu, tena vizuri. Maana baba mkwe wake yeye alipokuja kutoka Moshi, wifi yangu alipata ghafla semina ya kikazi huku kwetu. Semina ikachukua muda wote wa ziara ya yule mzee. Wifi alilala chumbani kwa Gwamaka, akashinda kwa pajama akiangalia televisheni, na mume wangu alimpelekea chai. Leo ananifundisha mimi kuhusu paa moja!

Nikamrudishia mume wangu simu yake nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Nakiri kwamba pale kwenye sinki niliamua siendi. Nilishapanga na maneno: watoto waende na baba yao, mimi nibaki Richardson na kazi yangu. Nilijua litakalosemwa. Ukoo mzima, kuanzia Sugar Land mpaka Tukuyu, ungesema mke wa Marekani amemkataa mzee. Na mzee mwenyewe angelisikia hivyo hivyo, kwa kuwa hakuna ambaye angemweleza sababu. Hilo ndilo lililonichoma. Miaka yote ile ya kutoka kwa mlango wa jikoni, halafu nijulikane kama niliyemkataa.

Saa nne asubuhi kwetu ni jioni kwao. Mume wangu akakwangua kadi ya simu, akampigia baba yake, akaweka spika, akaanza kumwelezea gari. Alieleza jiko. Alieleza meza. Alieleza bahari upande wa kushoto. Mzee alikuwa anaitikia tu, "Ee. Ee." Kisha akakohoa. Kikohozi kimoja, kikavu.

Mikono yangu ikasimama ndani ya maji. Mwili wangu ulijua kabla yangu. Nusura nitoke kwa mlango wa nyuma, kwenye mvua ya mawe.

Mzee akaomba apewe Atu.

Baba mkwe wangu alikuwa gadi wa treni mpaka alipostaafu. Ndiye aliyekuwa akipita behewa kwa behewa, akikagua tiketi na kumweka kila mtu anapostahili. Kwenye treni yake ya usiku wanawake hulala vyumba vyao na wanaume vyao, na yeye ndiye aliyekuwa akilisimamia hilo. Nilikuwa nalijua. Sikuwa nimelifikiria.

Atu akageuka kwangu. "Mama, what's behewa?"

"Train car," nikamjibu.

"Babu wants to know gari letu lina behewa ngapi."

Mume wangu akacheka kwa sauti. "Mwambie moja tu, ila kubwa!"

"Moja, Babu," Atu akasema.

 Halafu mzee akauliza, polepole, kwa Kiswahili ambacho mtoto wa Texas angekielewa: "Na mama yako anakaa behewa gani?"

Mume wangu akaacha kucheka.

Mzee akaendelea mwenyewe. Alimwambia Atu kwamba treni iliwahi kujaa mpaka watu wakakalia magunia, na hata siku hizo yeye hakumweka mtu na mkwe wake chumba kimoja. Akasema amesikia Uingereza treni zinafuata pwani. Basi baba yako na mama yako waende na gari. Yeye atakuja na treni nyuma yenu. Mtamchukua stesheni asubuhi, mtacheza naye, jioni mtamrudisha, naye atatafuta nyumba ya kulala wageni. "Mwambie mama yako asiwe na wasiwasi," akasema. "Mimi reli naijua."

Nilijisikia mwepesi. Nakiri. Kwa muda wa kukausha mikono tu.

Maana nilimwona Atu ameishika ile simu kwa mikono miwili, na Gwamaka amekaa ndani ya mistari ya utepe, kwenye kochi la Babu, akimwekea nafasi. Babu wa watu amesubiri miaka yote hii, halafu ikifika jioni, saa ambayo wajukuu wanalala na hadithi zinaanza, yeye anarudishwa stesheni. Mzee wa zaidi ya miaka sabini, na begi lake, kwenye nchi ngeni, ili mimi nipate kubadili nguo kwa amani. Ameyasema yote hayo bila kunitaja kwa ubaya hata kidogo.

Na mume wangu? Uso ulishamng'aa. "Si umeona? Imeisha. Simple."

Simple!

Sikumbuki nimefikaje sebuleni. Nakumbuka nilikuwa nimesimama juu ya mchoro wa choo, na povu mikononi.

"Atu," nikasema, "mwambie Babu gari ni la kwake na la wajukuu. Mama ndiye atakayepanda treni."

Swali la kwanza la mume wangu, na Mungu ananisikia, lilikuwa: "Nani atapika?"

Nikamwambia gari lina jiko, si amelieleza mwenyewe sasa hivi?

"Na choo? Kile lazima mtu aka-empty kila siku."

Nikamwambia utepe ameubandika yeye, kwa hiyo mahali anapajua. Mimi nitakuwa nyumba ya wageni, yenye mlango na komeo. Mchana nitawakuta ufukweni, nitakaa mbali kidogo na mwavuli wangu, na mzee atakaa mbali kidogo na koti lake, na watoto watakimbia katikati yetu. Hivyo ndivyo tulivyoishi Tukuyu na hakuna aliyekufa.

Atu alikuwa ameshafikisha ujumbe. Mzee hakupinga. Nilidhani atapinga. Akakohoa, halafu akauliza kitu, na Atu akageuka na kuniangalia.

"Babu anasema, daraja la ngapi?"

"Mwambie la kwanza."

Akamwambia. Na mzee akacheka. Tangu niolewe sijawahi kukisikia kicheko cha baba mkwe wangu. Anacheka sawasawa na mume wangu, kuanzia puani, na hilo nalo limeniudhi.

Utepe bado uko kwenye zulia. Nimesema atauondoa aliyeuweka. Jioni hii wifi amepiga simu mara mbili na sijapokea, nadhani ana semina.

Kesho tukitoka kanisani napitia dukani kununua begi. Dogo, la mtu mmoja.